Nimeacha sigara, mbona ndiyo naumwa zaidi?

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri,

Nakuandikia kutoka Tanga, mtaa wa Ngamiani. Mimi ni fundi seremala, nina karakana yangu ndogo na vijana wachache ninaofanya nao kazi. Umri wangu ni miaka 46. Sigara nilianza nilipokuwa najifunza kazi. Fundi wangu ndiye aliyekuwa akinituma dukani kumnunulia, nikirudi ananipa moja. Tangu hapo sijapumzika. Pakiti moja kwa siku, na siku ya kazi nyingi inazidi. Penseli sikio la kulia, sigara sikio la kushoto, mtaani wananijua hivyo.

Kilichonifanya niache ni binti yangu wa mwisho. Ana miaka saba na ana pumu. Mwaka huu imembana sana, na kila tukimkimbiza hospitali swali la kwanza ni kama kuna mtu anayevuta nyumbani. Mimi nilikuwa navutia uani, ndani sivuti, nikaona nimemaliza wajibu wangu. Daktari akaniambia moshi naingia nao kwenye nguo na mikononi. Usiku mmoja nimempakata, namshikia dawa yake ya kupuliza, akageuza uso akasema, "Baba, mkono wako unanuka." Ramadhani ilikuwa inakaribia. Nikanuia kwamba safari hii nikifunga sigara mchana, nafunga na usiku wake. Mwenyezi Mungu akanisaidia. Idi imepita, na mpaka leo ninapoandika, yapata miezi miwili, sijaigusa.

Mama, nilitegemea sasa nitakuwa mzima. Kinyume chake. Nakohoa kuliko nilipokuwa navuta, hasa alfajiri, na yanatoka makohozi ya rangi ya kahawia. Mwanzoni midomo ilinitoka vidonda kwa ndani, hivyo vimepona. Choo sipati ipasavyo, siku tatu nne zinapita. Uzito umeongezeka, mkanda nimeutoboa tundu jipya. Usiku ndio taabu: nalala, nazinduka saa saba, moyo unanidunda, mikono inatetemeka, mpaka adhana ya alfajiri macho yako wazi. Asubuhi nikifika kazini nimeshakasirika. Juzi kijana alikosea kipimo cha mlango, nikamfokea mpaka wateja wakasimama barabarani kuangalia. Mke wangu ni mtu mpole, lakini wiki iliyopita alinitamkia, "Bora urudie sigara zako tupate amani."

Jioni nakaa kijiweni kwenye kahawa. Nakunywa nyingi siku hizi, maana ndiyo iliyobaki ya kuniliwaza. Hapo kila mtu ana lake. Mmoja anasema mwili ulioishi na moshi miaka yote hiyo ukiukatia ghafla unakudai. Akanitajia mzee wa mtaa wa pili, alivuta maisha yake yote akiwa na nguvu zake, akaacha, mwaka haukuisha tukamzika. Mwingine ananiambia nivute mbili tu kwa siku ili mwili usishtuke. Yuko anayenishauri shisha kwa kuwa moshi wake unapita kwenye maji, na yuko wa zile sigara za kuchaji. Wa mwisho anasema ninywe maziwa mengi yakasafishe mapafu.

Sitaki kusema uongo, mazuri yapo. Tuliletewa mbao za mtiki kutoka Longuza, nilipoziranda nikasikia harufu yake. Nilisimama na randa mkononi. Nimeifanya kazi ya mtiki miaka na miaka na sikuwa najua kama una harufu ile. Na binti yangu tangu Idi hajalazwa.

Naomba uniambie ukweli. Je, mwili wangu umeshaharibika kiasi cha kutoweza kukaa bila sigara? Nirudie hizo mbili kwa siku? Na kama nitapona, ni lini?

Ni mimi fundi, Ngamiani.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Hongera, na pole. Sijui wangapi kijiweni hapo wamekupa hongera, kwa hiyo naitanguliza.

Usirudie. Si mbili, si moja, si ya kuonja. Hayo unayoyapitia yana maelezo, na karibu yote yana mwisho. Lakini barua yako nimeisoma nikaona ndani yake mambo matatu yaliyochanganyika na wewe umeyabeba kama mzigo mmoja: yako ambayo ni tumbaku inaaga mwili, liko moja linaloletwa na kahawa, na liko moja ambalo mimi wala mtu wa kijiweni hatuwezi kulitolea hukumu mpaka lipimwe. Naanza na hilo la mwisho.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, katika nchi yetu, kinapimwa kifua kikuu. Nimefanya kazi ya uuguzi kliniki ya kifua kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na waliochelewa sana kuja walikuwa wavutaji, kwa sababu mvutaji ana jibu tayari la kila kikohozi: "Ni sigara hizi." Kumbe sigara na kifua kikuu ni marafiki. Mvutaji ana hatari karibu mara mbili ya asiyevuta kuugua ugonjwa huo. Wewe unaniambia uzito umeongezeka, hutaji homa za jioni, hutaji jasho la usiku wala damu, na hayo yananipa matumaini. Ila matumaini hayapimi makohozi. Nenda kituo cha afya wiki hii. Kupima na kutibiwa kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure. Watakupa kikopo. Asubuhi kabla ya kula sukutua kinywa kwa maji, vuta pumzi ndefu mara kadhaa, kisha kohoa kutoka chini ya kifua. Wanachohitaji ni kohozi, mate hayasaidii, na wengi hurudishwa kwa kosa hilo tu. Wakati uko hapo waambie wewe ni seremala na ulivuta tangu ujana, wakusikilize mapafu, na wakiona haja wakupige picha ya kifua. Kama majibu yatasema unacho, nyumba nzima ipimwe, na binti yako awe wa kwanza.

Tuseme majibu yamekuja safi, kama ninavyokuombea. Kile kikohozi basi ni nini? Njia zako za hewa zimetandikwa vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, kazi yake ni kufagia uchafu na ute kuupandisha juu hadi kooni. Moshi wa sigara huvilemaza. Mvutaji anapolala usiku na kukaa saa nyingi bila kuvuta, vinaanza kujikongoja, ndiyo maana wavutaji hukohoa asubuhi. Wewe umevipa miezi miwili. Vimeamka na vimekuta taka za miaka, vinazitoa. Rangi ile ya kahawia ni masalia ya moshi. Kwa watu wengi kikohozi na kukosa pumzi hupungua kati ya mwezi wa kwanza na wa tisa baada ya kuacha. Usinywe dawa ya kukizuia, acha kitoke, na kunywa maji ya kutosha ili ute uwe mwepesi.

Kuna jambo hukulitaja nami nalijua kwa kuwa najua karakana. Vumbi la mbao. Msumeno na msasa vinatoa vumbi laini ambalo nalo linaingia kifuani, na vumbi hilo liko miongoni mwa vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani, hasa ya pua na mianzi yake. Umewafungulia mapafu mlango wa kupona, usiwaletee vumbi badala ya moshi. Vaa barakoa inayobana vizuri usoni. Kitambaa cha kufunga puani ni kujidanganya. Msasa ufanyie nje, upepo wa Tanga ni wa bure. Jioni usifagie vumbi likiwa kavu, linyunyizie maji kwanza. Na vijana wako wavae hivyo hivyo.

Sasa kahawa. Hapa ndipo nilipoisoma barua yako mara mbili, kwa sababu unaniambia hulali, moyo unadunda, mikono inatetemeka, na mistari michache baadaye unaniambia kahawa umeongeza. Katika moshi wa tumbaku mna kemikali zinazolifanya ini liivunje kafeini haraka kuliko kawaida. Si nikotini inayofanya hivyo, ni huo moshi wenyewe. Ndiyo maana mvutaji anaweza kukaa kijiweni akanywa vikombe na vikombe vya kahawa chungu, akaenda kulala usingizi wa mtoto. Akishaacha, ndani ya muda mfupi ini linarudi kwenye mwendo wake wa asili, na kafeini ya kikombe kile kile inakaa mwilini karibu mara mbili ya muda iliokuwa ikikaa zamani. Wewe hukupunguza vikombe, umeongeza. Kwa hiyo unachokunywa leo mwilini mwako ni kama zaidi ya maradufu ya ulichokunywa ulipokuwa unavuta, tena unakunywa jioni. Moyo usidunde kwa nini?

Fanya hivi. Punguza kahawa iwe nusu ya ulichokuwa unakunywa zamani, na baada ya alasiri usiiguse kabisa. Chai ya rangi nayo ihesabu, ina kafeini pia. Usiikate yote kwa siku moja, kichwa kitakuuma siku mbili tatu. Ipunguze kikombe baada ya kikombe ndani ya wiki. Kijiweni jioni kunywa tangawizi au maziwa, kashata zipo pale pale. Naamini usingizi ukirudi, nusu ya hasira zako zitakwenda nazo. Moyo ukiendelea kudunda hata baada ya kupunguza kahawa, au ukadunda na kifua kikabana, hilo nalo ni la hospitali, tena siku hiyo hiyo. Presha ipimwe kwa vyovyote.

Nisemee hapo hapo wasomaji wengine: moshi unaovuruga kahawa unavuruga na dawa kadhaa. Anayetumia vidonge vya aminofilini kwa ajili ya pumu, anayetumia baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na mwenye kisukari anayejichoma insulini, akiacha sigara amwambie daktari wake mapema, kwa kuwa huenda kipimo cha dawa kikahitaji kubadilishwa.

Tuje kwenye arosto yenyewe. Nikotini ilikuwa inaingia kwenye ubongo sekunde chache baada ya kila mvuto, na ubongo ukajipanga kuisubiri. Ikikosekana, mtu anakuwa mkali, anakosa utulivu, anakosa usingizi, anakuwa mnyonge. Mambo hayo hufika kilele katika wiki ya kwanza na kwa wengi huwa yametulia ndani ya mwezi. Wewe umeshayavuka, tena ukiwa umefunga! Kinachobaki sasa ni mazoea, ile hamu inayokuja ghafla mahali fulani na saa fulani. Hamu hiyo hudumu dakika chache tu, uikubalie au uikatalie. Tafuta cha kuishughulisha mikono na kinywa kwa dakika hizo. Mswaki wa mti unafaa sana kwa hilo, mdomo una kazi na mkono una kazi. Mwingine hutafuna karafuu. Badili na mahali pa kukaa kijiweni, usikae ubavuni mwa anayevuta. Hiyo pakiti ya akiba, kama bado iko kwenye droo ya karakana, na najua mafundi huwa nayo, ivunje leo uitie chooni.

Choo kigumu nacho ni sehemu ya mambo haya, kwani nikotini ilikuwa inausukuma utumbo na sasa utumbo unajifunza kwenda wenyewe. Uko karibu na Muheza, machungwa si tatizo kwako. Yale na nyama zake, usinyonye maji tu. Papai asubuhi, mchicha au kisamvu kila siku, maji, na kutembea. Vidonda vya mdomoni ni vya kawaida siku za mwanzo na umesema vimepona, basi. Kidonda cha mdomoni cha mvutaji kisichopona kwa wiki tatu ndicho cha kuogopa na kupeleka hospitali.

Uzito: wastani wa wanaoacha huongezeka kilo nne mpaka tano katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa huja miezi mitatu ya mwanzo. Ulimi umepata ladha, tumbo limepata hamu, na mwili hauunguzi chakula kwa kasi ile ya nikotini. Nisikufiche, kilo hizo zinakera. Lakini moyo wako unafaidika na kuacha sigara kuliko unavyoumizwa na kilo tano. Punguza vitumbua vya asubuhi na ugali wa usiku, nenda kazini kwa miguu, na tundu la mkanda litarudi kwa wakati wake. Kujinyima chakula ili upungue haraka nakukataza sasa hivi, njaa huamsha hamu ya sigara.

Nirudi kwa watu wa kijiweni, maana hao ndio wanaokutisha.

Huyo mzee aliyeacha akafa. Mungu amrehemu. Uliza nyumbani kwake aliacha kwa nini. Niliowahudumia wodini walioacha sigara uzeeni, wengi waliacha kwa sababu walikuwa hawawezi tena kuvuta: pumzi haipandi ngazi, damu imeonekana kwenye kohozi, au kifua kimewaangusha. Ugonjwa ulitangulia, kuacha kukafuata, na mtaa ukakumbuka lile la mwisho tu. Watafiti wanaohesabu vifo vya wavutaji wanalijua jambo hili na hulitenga kwenye hesabu zao, la sivyo kuacha kungeonekana kunaua. Hakuna kiungo katika mwili wa mwanadamu kinachohitaji moshi ili kiishi. Mwili wako haukuwa na deni lolote na sigara.

Kuhusu umri wako, sikiliza. Mwaka 1951 nchini Uingereza watafiti wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliwaandikia madaktari wa nchi hiyo wakiwauliza habari za uvutaji wao. Zaidi ya madaktari wanaume 34,000 walijibu, na wakafuatiliwa kwa miaka 50. Matokeo ya mwisho yalichapishwa mwaka 2004. Waliovuta maisha yao yote walikufa, kwa wastani, miaka kumi kabla ya wenzao wasiovuta. Walioacha wakiwa na miaka 60 walirudishiwa kama mitatu kati ya hiyo kumi. Wa miaka 50 walirudishiwa sita. Wa 40 walirudishiwa tisa. Na walioacha wakiwa na 30 walikuwa karibu sawa na asiyevuta. Wewe una 46. Hesabu hizo ni za wastani, si hati ya mtu mmoja mmoja, lakini mimi nikiwa na umri wako na watoto wako ningezishika kwa mikono miwili.

Unauliza utapona lini. Umeshaanza, na mengine hukuyasikia. Ndani ya siku moja mbili za mwanzo ile hewa ya kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumba kimefungwa, ilishatoka kwenye damu yako, na damu ikarudi kubeba oksijeni kama inavyotakiwa. Kati ya wiki ya pili na mwezi wa tatu mzunguko wa damu unaimarika na mapafu yanafanya kazi vizuri zaidi. Wewe uko humo sasa hivi, na harufu ya mtiki ni dalili yake mojawapo. Ukitimiza mwaka, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo uliyokuwa umeibeba kwa ajili ya sigara inakuwa imepungua kwa nusu. Kiharusi nacho hatari yake inashuka miaka inavyokwenda. Saratani ya mapafu ni ya polepole zaidi: inachukua kama miaka kumi hatari kushuka mpaka nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Na ikiwa mapafu yameshapata kovu au vifuko vyake vidogo vya hewa vimeshatanuka, sehemu hiyo hairudi kama zamani, ila kuacha kunazuia isiendelee kubomoka kwa kasi. Ndiyo maana nataka upimwe, tujue ulipo.

Hizo mbili kwa siku ni mtego. Watu huhesabu kwamba mbili badala ya ishirini ni hatari ya sehemu moja ya kumi. Moyo hauhesabu hivyo. Tafiti nyingi zilipojumlishwa mwaka 2018 zilionyesha kwamba hata anayevuta moja tu kwa siku anabaki na karibu nusu ya hatari ya ziada ya moyo anayobeba mvutaji wa ishirini. Isitoshe, kwa mtu wa pakiti kama wewe, mbili hazikai mbili. Utarudi kwenye pakiti kabla mwezi haujaisha na utakuwa umeipita wiki ile ngumu ya kwanza bure.

Shisha nakuomba uiepuke kama sigara yenyewe. Maji yanaupoza moshi, hayausafishi. Kwa jinsi watu wanavyoikalia muda mrefu, Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba kikao kimoja kinaweza kumwingizia mtu moshi mwingi sawa na wa sigara 100 au zaidi. Kenya na Rwanda ziliipiga marufuku mwaka 2017. Na zile za kuchaji: Uingereza wapo wataalamu wanaozitumia kumtoa mvutaji kwenye sigara, na sitaki kulificha hilo. Lakini hizo ni za kumtoa aliye ndani. Wewe umeshatoka. Nikotini imeshakuacha, utaikaribisha tena kwa sababu gani? Ugoro nao uko kundi hilo hilo.

Maziwa kunywa kama chakula. Yanashuka tumboni, na njia ya tumbo na njia ya mapafu zinaachana kooni. Hakuna kinywaji kinachoosha mapafu.

Kwa anayesoma hapa na hajaacha bado, asidhani lazima apite njia ngumu aliyopita fundi. Ziko jojo za nikotini na mabandiko ya kubandika ngozini, ambayo Shirika la Afya Duniani iliyaweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2009. Ulizia maduka makubwa ya dawa na umwombe mfamasia akuelekeze kipimo kulingana na sigara unazovuta.

Binti yako. Kutolazwa tangu Idi si bahati, mwanangu, hilo umelifanya wewe. Ila kwa kuwa mko Tanga na najua nyumba zetu, angalieni na moshi mwingine. Udi na ubani vinapendeza, lakini kwa mtoto wa pumu vinabana kifua. Dawa ya mbu ya kuchoma, hali kadhalika. Chandarua kitamfaa zaidi. Jiko la mkaa lipikiwe nje. Mkitaka kufukiza nguo, fukizeni akiwa shuleni na madirisha yafunguliwe. Dawa yake ya kupuliza asiiache kwa sababu anaonekana mzima, mpaka daktari aseme.

Mkeo nataka umsomee sehemu hii. Mama, alichokisema mumeo kwamba ulimwambia arudie sigara, sikulaumu, kwani kuishi na mtu asiyelala ni kazi. Wewe ndiye uliyekuwa unafua nguo zenye moshi ule na kumbeba mtoto usiku. Nakuomba umvumilie kidogo tena na umsaidie kwenye kahawa, kwa kuwa hapo wewe una nguvu kuliko mimi. Ukimwona amekuwa mnyonge siku nyingi, hataki kula, hataki watu, hiyo si hasira ya sigara tena, mpeleke kituo cha afya mwenyewe. Walioacha na wakafuatiliwa, baada ya wiki kadhaa wengi wanakuwa na wasiwasi na huzuni kidogo kuliko walipokuwa wanavuta. Sigara iliwatuliza arosto iliyoletwa na sigara yenyewe.

Fundi, na huyo kijana uliyemfokea, mwombe radhi mbele ya wenzake, kama ulivyomfokea mbele ya wateja. Mweleze ni nini kinachokusumbua. Hukuniambia kama kuna kati yao anayevuta, lakini karakana yenye gundi, vanishi na tina haifai kiberiti hata bila kutaja mapafu, kwa hiyo weka sheria kuanzia Jumatatu kwamba ndani hapavutwi. Yupo anayekohoa? Siku ya kupeleka makohozi mchukue mwende wote. Majibu yakitoka niandikie, na unieleze kahawa umeifikisha vikombe vingapi.